Kulala kwa tenti kando ya Ziwa Naivasha: kazi yote iishe kabla giza

Jamaa wa hapa Nakuru na mashemeji zangu wa Kisumu wamekuwa wakiniuliza kila Desemba venye tunalala kwa tenti Naivasha na watoto na tunarudi wote wakiwa wazima na wanataka kurudi tena, basi nimeona heri niandike mara moja, kila mtu asome. Kitu kimoja nimejifunza miaka hiyo yote ni kwamba usiku wa kando ya ziwa hutengenezwa mchana. Ukifika saa nane, ukachagua pahali vizuri, ukafunga kamba zako, ukapika na watoto wakala kabla giza, utalala. Ukifika usiku utahangaika mpaka asubuhi hata kama tenti yako ni ya bei gani.

Na huku kwetu giza haliji polepole. Mwaka mzima jua linatua kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo hivi, na likishatua, nusu saa baadaye hauoni hata pegi uliyoiweka miguuni. Mara yetu ya kwanza tulitoka Nakuru jioni baada ya kazi, tukashikwa na jam, tukapitia sokoni, tukafika kambini saa mbili usiku. Tukasimamisha tenti kwa mwanga wa simu, mtoto analia njaa, na pale tulipoweka palikuwa laini na tambarare tukafurahi. Kumbe palikuwa bonde dogo. Mvua ikanyesha saa nane usiku na maji yote ya ile kambi yakaja kutulalia, tukamalizia usiku ndani ya gari watu watano. Tangu siku hiyo sisi hatutoki nyumbani baada ya saa tano asubuhi.

Nakuru mpaka Naivasha ni kama kilomita 70, unapita Gilgil. Kama hauna gari usiogope, panda matatu mpaka Naivasha mjini, pale stejini kuna zingine zinafuata Moi South Lake Road zinapita Karagita na Kasarani mpaka Kongoni, mwambie konda akushushe getini kwa kambi yako. Wa Kisumu amkeni mapema kabisa, manake kupitia Kericho mpaka Naivasha ni masaa matano sita na bado mnataka kufika kukiwa na mwanga. Pigeni simu kambini siku mbili tatu kabla, muulize wanalipisha kwa kichwa ama kwa tenti, kama kuni zinauzwa hapo, na kama usiku kuna askari. Wiki ya Safari Rally, tangu irudi 2021, Naivasha inajaa mpaka hakuna pahali pa kuweka mguu, kama unataka utulivu chagua wiki ingine. Mimi napenda Januari na Februari. Aprili na Mei ni matope.

Sasa baridi. Hapa ndio watu wa Kisumu wanaumia. Kisumu iko mita kama 1,130 juu ya bahari, Naivasha iko karibu mita 1,900, na pande zote mbili kuna milima, huku Mau, kule Nyandarua ambayo kilele chake kinakaribia mita 4,000, na hewa ya baridi usiku huteremka kutoka huko juu inakuja kukaa kwa ziwa. Mchana utatembea na fulana ukitoa jasho, saa kumi alfajiri utatetemeka. Beba mavini, yaani kofia ya sufi, ya kila mtu, soksi nzito, jaketi, na blanketi mbili kwa kila mtu hata kama una mfuko wa kulalia. Na usisahau hii, baridi mbaya zaidi haitoki juu, inatoka chini. Ardhi inakunyonya joto usiku kucha. Sisi huwa tunaomba katoni kubwa dukani, zile za kupakia mikate ama maziwa, tunazipasua tunatandika sakafu yote ya tenti kabla godoro, halafu shuka nzito juu yake. Katoni nne tano hazina gharama na zinasaidia kuliko blanketi ya tatu.

Ukifika usikimbilie kufungua tenti. Acha mizigo kwa gari ama kwa askari na utembee kwanza dakika kumi ukiangalia juu, halafu chini, halafu upande wa ziwa.

Juu, kwa sababu ile miti mikubwa ya rangi ya manjano iliyozunguka ziwa, migunga ambayo Wamaasai huita olerai, hukatika matawi. Na maji ya ziwa yamepanda sana miaka hii, utaona miti mingi imesimama ndani ya maji imekauka ikabaki mifupa tu. Mti uliokauka ama wenye tawi kubwa lisilo na majani, kaa mbali nao zaidi ya urefu wake. Angalia pia kama chini ya mti kumejaa mavi meupe ya ndege, hapo ndio kwao, watarudi jioni na tenti yako itapakwa chokaa.

Chini, kwa sababu ya miiba. Mgunga una miiba myeupe inayokaa miwili miwili, mirefu kama kidole, na ikidondoka inajificha kwa nyasi. Mimi huvaa viatu vya soli ngumu nafagia kwa tawi, halafu napiga magoti napapasa pole pole kwa mkono uliovaa glavu, hatua kwa hatua, sehemu yote tenti itakaa. Inachukua robo saa. Watoto wanaipenda hiyo kazi, wape kikopo washindane nani atajaza miiba. Hiyo robo saa ndio inaokoa sakafu ya tenti, na kama una godoro la kujaza hewa usiipuuze hata kidogo, mwiba mmoja na saa tisa usiku unajikuta unalalia udongo.

Upande wa ziwa, kwa sababu ya kiboko, na hapa naomba usome pole pole.

Kiboko mchana yuko ndani ya maji, unaona masikio na pua tu, watu wanapiga picha wanacheka. Jua likitua anatoka kula nyasi, na anakula kama kilo 40 kwa usiku mmoja, anatembea mbali, halafu anarudi majini kabla kupambazuke. Dume ana uzito unaopita kilo 1,500 na mbio zake fupi hauwezani nazo, hata wewe unayekimbia kila asubuhi. Sasa angalia nyasi. Ukiona nyasi fupi kabisa kama zimenyolewa na mashine, hapo ni mezani pake. Ukiona njia imechimbika kwa udongo inateremka mpaka majini, pana kama mkokoteni, mara nyingine ina mstari wa nyasi katikati, hiyo ni barabara yake na anaitumia kila siku, na mavi yaliyorushwa kwa vichaka yanakuambia hivyo hivyo. Hapo tenti haikai. Kambi nyingi za upande ule zimeweka waya wa stima kati ya tenti na ziwa, muulize askari unawashwa saa ngapi na umuombe mtembee pamoja akuonyeshe unaanzia wapi na kuishia wapi, manake nimewahi kuona pahali ambapo waya ulikuwa umelala chini na hakuna aliyekuwa amewaambia wageni. Weka tenti ndani ya waya, na bado uache nafasi.

Kitu kinachoua watu ni kusimama kati ya kiboko na maji. Akishtuka anakimbilia majini, na ukiwa njiani mwake atakupitia. Kwa hivyo baada ya saa kumi na mbili na nusu hakuna mtoto wala mtu mzima anateremka ziwani, si kuosha sufuria, si kupiga picha za jua kutua, si kutafuta network. Ukitaka kwenda chooni usiku, fungua zipu kidogo kwanza, mulika tochi kuzunguka pande zote taratibu, ukiona macho yanang'aa ama kitu kikubwa cheusi kama gari limeegeshwa pahali hapakuwa na gari, zima, funga, ngoja. Sisi tuna ndoo yenye kifuniko ndani ya tenti kwa ajili ya watoto na hakuna aibu yoyote. Na akija karibu utamsikia kabla umuone. Usiku mmoja niliamka saa tisa nikasikia kama mtu anapasua kitambaa kizito, anapasua, kimya kidogo, anapasua tena. Alikuwa anang'oa nyasi kwa midomo ng'ambo ya pili ya waya, labda hatua kumi na tano, na nilikuwa nasikia hata pumzi anavyoitoa. Binti yangu akaamka nikamwekea mkono kifuani tukakaa hivyo bila neno mpaka sauti ikasonga mbele. Hatukumulika, hatukupiga kelele. Ndio hivyo inafanywa.

Kusimamisha tenti kwenyewe si kazi ngumu kama ulijaribu nyumbani, na tafadhali jaribu nyumbani, hata kwa kiwanja cha ploti, uhesabu pegi na uone kama fito zote zipo. Mgongo wa tenti uangalie upepo unakotoka. Naivasha upepo huamka mchana na unazidi kuelekea jioni, hata lenyewe jina linatokana na Kimaasai, Nai'posha, maji yanayochafuka. Simama tu uone nyasi zinalalia wapi. Pegi ziingie zikiinamia nje, kichwa kikiangalia mbali na tenti, ukizichomeka wima zitang'oka. Udongo wa karibu na ziwa mara nyingi ni laini kama unga, kwa hivyo beba kamba ya ziada na ufunge kwa jiwe kubwa ama kwa pegi mbili pamoja. Chimba mfereji mdogo tu upande wa juu kama kuna mteremko na mwenye kambi amekubali. Na ule mlango mdogo wa hewa uache wazi kidogo hata kama kuna baridi, manake mkiwa watu wanne mnapumua usiku kucha, mvuke unagonga kitambaa unakuwa maji, na saa kumi na moja yanawadondokea usoni mnadhani ni mvua.

Hii ingine nitaikazia mpaka mtu achoke. JIKO LA MAKAA HALIINGII NDANI YA TENTI. Hata dakika tano. Hata limebaki majivu mekundu tu. Makaa yanatoa sumu ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, haikohozi mtu, unasikia tu usingizi mtamu na joto, na ukilala hauamki. Mwaka juzi jioni jirani zetu wa tenti ya pili walikuwa na watoto wadogo wawili, baridi ikawazidi. Mke wangu ndiye aliona, kitambaa cha tenti yao kilikuwa na wekundu kidogo ndani, chini chini, akaniambia ule si mwanga wa tochi. Tukaenda tukabisha tukiita hodi, baba akafungua, jiko liko katikati, mtoto mkubwa anasema kichwa kinamuuma na mdogo ameshatapika. Tukalitoa nje tukawatoa watoto kwa hewa, tukakaa nao kwa gari letu, askari akatafuta gari la kuwapeleka hospitali usiku huo huo na wakapona. Yule baba hakuwa mtu mzembe, alikuwa anajali watoto wake wasihisi baridi. Kama mtu kwenye tenti ana kichwa kinauma, kizunguzungu ama anatapika na kulikuwa na moto ndani, toa kila mtu nje kwanza, maswali baadaye, halafu hospitali. Na meko ya gesi ni vile vile, pika nje.

Joto la usiku lipate kwa njia zingine. Chemsha maji jioni, yaache yapoe kidogo, jaza chupa ngumu yenye kifuniko kinachokaza, ivae soksi, iweke miguuni mwa mtoto dakika ishirini kabla hajalala. Kula chakula cha moto chenye mafuta kiasi. Badilisha nguo zote za mchana, hata kama zinaonekana kavu zina jasho, na jasho saa saba usiku linakuwa barafu.

Chakula sasa. Kwa ule mwinuko maji huchemka yakiwa kwa nyuzi kama 94 tu badala ya 100, kwa hivyo usibebe maharagwe mabichi ukidhani utayapika jioni, utamaliza gesi na bado yanagonga meno. Watu wa Nakuru tumeshazoea, lakini wa Kisumu watashangaa. Githeri na maharagwe yachemshie nyumbani, ukifika unakaanga tu na kitunguu na nyanya. Siku ya kwanza sisi hula samaki wa kukaanga kutoka Karagita na ugali, siku ya pili viazi na kabichi za Kinangop ambazo zimejaa soko la Naivasha, asubuhi chai ya maziwa na mkate. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ule wenye meko juu unatosha familia wikendi nzima na unabaki. Weka meko kwenye ardhi tupu mbali na nyasi kavu, na usiweke kizuizi cha upepo kikauzunguka mtungi wote, unapata joto mpaka inakuwa hatari.

Maji ya kunywa beba kutoka nyumbani ama nunua, jerikeni ya lita 20 kwa watu wanne siku mbili ni ya kunywa na kupikia peke yake. Maji ya ziwa hapana. Na maji ya visima vya huku Bonde la Ufa mengi yana floraidi nyingi, hiyo ndio inafanya meno ya wengi wetu yawe ya kahawia, na kuchemsha kunaua vijidudu lakini floraidi haiondoki, kwa hivyo ya bomba la kambi tumia kuosha.

Tumbili wako macho. Hawaogopi mtu. Mkate ukiubakisha mezani na ugeuke kuchukua blu bandi, umeenda. Chakula chote kikae ndani ya gari ama ndoo ngumu yenye kifuniko, kamwe si ndani ya tenti, manake watapasua kitambaa. Usiwalishe hata kama watoto wanaomba. Mbega wale weusi na weupe ni tofauti, wanakaa juu huko kwa migunga na shida zao, waonyeshe watoto asubuhi wakiruka na mikia ile mirefu.

Kuni nunua kambini, usikate mti wala kuvunja tawi la olerai hata lililokauka bila kuuliza. Moto uwe mdogo, ndani ya mawe, na ndoo ya maji kando.

Mkitaka mashua, nendeni asubuhi, kuanzia saa moja mpaka saa nne ndio maji yametulia na furukombe, wale tai wanaokula samaki, wanalia juu ya miti. Kila mtu avae jaketi ya kuelea na ifungwe mpaka shingoni, hata baba. Kama mwenye mashua hana za kutosha, shukeni. Saa nane mchana upepo umeamka, wachana nayo hata kama amepunguza bei. Na kuogelea hakuna, ziwa lina viboko.

Kama mnapanga kupitia Hell's Gate, ama mbadilishe mwende kulala ndani ya mbuga ya Ziwa Nakuru pale Makalia, kumbukeni tangu Juni 2020 hauingii mbugani na chupa za plastiki za kutupa, vikombe wala sahani za plastiki za kutumia mara moja. Malipo ya mbuga yafanye kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, mapema ukiwa na network nzuri, foleni ya getini ni ndefu. Pale Makalia hakuna waya, kuna nyati na chui, kwa hivyo ya giza niliyosema juu zidisheni mara mbili.

Asubuhi ya kuondoka usiwe na haraka ya kukunja. Tenti itakuwa imelowa umande nje na mvuke ndani, na ukiikunja hivyo ukaisukuma juu ya kabati, mwezi ujao utaifungua inanuka ukungu na madoa meusi hayatoki. Toa vitu vyote, fungua milango yote, igeuze sakafu iangalie jua, funga kamba kati ya miti uanike kile kitambaa cha juu. Saa nne hivi iko kavu. Hapo ndio unakunja ukihesabu pegi, zetu ni kumi na nne, watoto wanahesabu kwa sauti. Katoni zikunje urudi nazo, takataka zote pia, hata maganda ya mayai.

Mwisho kabisa nenda kwa majivu. Mwaga maji, koroga na kijiti mpaka chini, mwaga tena, halafu weka mgongo wa mkono wako juu yake, karibu kabisa, halafu uguse. Kama bado kuna vuguvugu, rudi kuchota ndoo ingine.